Makopo ya Joto Kutoka Kiwandani

Tlawi, jioni ya kuamkia safari yako

Paskalina mwanangu,

Sikuulizi hali, maana nakusikia hapo chumbani ukigombana na zipu ya begi, na mama yako akirudia kwamba sweta la kijivu likae juu. Mambo ya sweta, ya namba ya shangazi yako, ya kutokula vitu vya dirishani njiani, nimemwachia yeye. Anayajua kuliko mimi, na hata nikiyasema atayasema upya. Mimi nina jambo moja tu. Mdomo wangu umeshindwa kulitoa wiki nzima, ndiyo maana nimechukua kalamu. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Isome kabla hujalala.

Tangu utuambie umepata kazi kule pwani kwenye kiwanda cha saruji, sijakaa na wewe nikazungumza kama mzazi. Ulileta habari mezani, mama yako akapiga vigelegele, mimi nikauliza kama ng'ombe wamenyweshwa. Kesho yake ukanifuata zizini, ukaanza kunieleza kazi yenyewe. Tanuri la saruji linatupa joto jingi hewani, ulisema, na ninyi mtalikusanya, mtalihifadhi kwenye matangi yenye chumvi inayoyeyuka, mtalipakia kwenye lori na kulipeleka kiwanda kingine cha kukausha mihogo ambacho hakina tanuri. Ulikuwa unanichorea kwa kijiti pale chini. Nikakwambia, "Nenda tu, nani amekuzuia," nikachukua ndoo nikaondoka. Nilikuona ulivyobaki umeshika kile kijiti.

Naogopa, Paskalina. Naogopa utapanda basi kesho ukiamini kwamba baba yako amefurahi kupunguza mlaji. Nimelala na hofu hiyo siku zote hizi na nimeamka nayo, na bado kila nikikuona naongea habari za ng'ombe.

Niliondoka zizini kwa sababu ulikuwa unanisimulia habari yako mwenyewe bila kujua. Unachojua ni kwamba ulizaliwa njiti, mvua ilikuwa kubwa, Mungu akasaidia. Mama yako huishia hapo kila mara, kwa kunistahi. Sasa nisikilize mimi.

Ulizaliwa mwaka ule mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara. Watu walikuwa wanabishana vilabuni kama makao makuu yangekuwa hapa au kule, mimi sikuwa na nafasi ya ubishi huo. Nilikuwa nalisha boila kwenye kiwanda cha alizeti pale mjini, upande wa Endagikot. Kiwanda chenyewe kilikuwa cha ushirika zamani, kikafa, kikakaa kimefungwa mpaka ndege wakazalia ndani ya mashine. Soko huria lilipokuja, mzee mmoja mfanyabiashara akakinunua, akakifufua. Tulikuwa tunachoma maganda ya alizeti kupata mvuke, na joto lililobaki lilipanda kwenye bomba la moshi likaenda kupasha mawingu. Ukiegemea ukuta wa nyuma ya boila ulikuwa unatoka jasho, wakati nje watu wamejifunga mablanketi. Niliona kila siku joto lile linapotea na halikunihusu.

Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumemzika kaka yako, yule wa kwanza. Na kwetu, wakati ule, nyumba iliyofiwa na mtoto mdogo ilitengwa. Sisi ni Wakristo, padri alikuwa anakemea kila Jumapili, na watu walikuwa wanaitikia amina na kuendelea kutenga. Jirani hakuingia kwako, hukuingia kwake. Hamkupeana maji wala moto. Aliyetaka kukusalimu alisimama kule kwenye mpaka wa shamba akapaza sauti. Sitaki uwachukie kwa hilo, kwa sababu hata mimi nimetenga nyumba za wenzangu na sikuona ubaya. Mjini ilikuwa afadhali, kule kuna watu wa kila kabila na hakuna aliyeniuliza natoka nyumba gani. Nami nilinyamaza ili niendelee na kazi.

Basi mama yako akashikwa na uchungu kabla ya wakati, katikati ya mvua, tukiwa bado tumetengwa. Hakuna mwanamke wa jirani aliyevuka mpaka. Bibi yako, mama yangu mzazi, alisimama kule kwenye uzio wa mnyaa mpakani akilia, hakuvuka. Nilimfuata nesi wa zahanati, ambaye hakuwa mtu wa huku na hakujali mpaka wa mtu yeyote. Alipofika ulikuwa umeshatoka. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba nilidhani ni utani, na rangi yako haikuwa nzuri. Mama yako alikuwa amepoteza damu nyingi, homa imempanda, anatetemeka, mikono yake baridi kama maji ya kisima.

Nesi akasema daraja la ng'ambo ya mji, la kwenda hospitali, limesombwa na maji, na hata lingekuwepo, kukubeba kwenye baridi ile kungekumaliza njiani. Akasema mtoto huyu hana ugonjwa, anakosa joto tu. Moto wa kuni ndani ya nyumba ulikuwepo, lakini kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa, na kila ulipouvuta, wewe ulikuwa unabadilika rangi. Akauzima. Akasema tutafute joto lisilo na moshi. Halafu akanitazama akasema, "Baba, wewe mwenyewe una joto. Vua shati, umweke kifuani."

Mimi nikajibu kwamba nitaleta joto kutoka kiwandani.

Elewa jinsi nilivyokuwa. Kwetu mwanaume hakumshika mtoto mchanga. Alisimama mlangoni, akaambiwa ni wa kike au wa kiume, akaenda kutafuta mbuzi. Kumweka mtoto uchi kifuani mwangu, mbele ya nesi, ningeona afadhali nitembee mjini bila suruali. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulisema hata kwa mama yako. Kaka yako nilikuwa nimemzoea. Huyu mwingine sikutaka kumgusa mpaka nijue kama anakaa.

Nesi hakubishana. Alimfunika mama yako, akakuweka kwake ingawa mwili wake ulikuwa wa baridi, akasema, "Basi fanya haraka."

Nilianza na mawe. Niliokota mawe meusi ya mtoni, nikayapanga nyuma ya boila karibu na bomba mpaka hayashikiki, nikayafunga kwenye gunia, nikapanda baiskeli. Yalifika ya moto mno. Nikayaweka chini ya kikapu ulichokuwa umelazwa, kitambaa kikaanza kunuka kuungua, mama yako akapiga kelele, nikayatoa. Nikayaacha kidogo, nikayarudisha, na baada ya muda mfupi yakawa mawe ya kawaida tu. Jiwe linakupa vyote kwa pupa halafu linakuacha. Nikarudi kiwandani nikaleta mengine, ikawa vilevile.

Bibi yako alikuwa ametuachia mpakani kopo la mafuta ya kondoo, ya kukupaka. Yalikuwa yameganda kwa baridi, hayachoteki. Nikaenda nayo kazini nikayaegemeza kwenye bomba yayeyuke, na wakati wa kurudi nikalitia kopo kwenye sanduku la mbao lililojaa maganda ya alizeti, lisimwagike. Nilipofika nyumbani nilifungua, lilikuwa bado vuguvugu, vuguvugu la maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi. Nikaliweka kando yako. Nikaenda kukamua, nikarudi, vuguvugu lileile. Mafuta yalikuwa yanaanza kuwa meupe pembeni, yanaganda, na kadiri yalivyokuwa yanaganda ndivyo yalivyoendelea kutoa joto, taratibu, bila kuunguza wala kupoa. Mpaka yote yalipokuwa meupe ndipo yakapoa.

Wewe una jina la kitaalamu la jambo hilo, ulinitajia wakati wa Krismasi na nikajifanya nasinzia. Mimi sikuwa na jina. Nilikuwa na kondoo. Nilichinja mmoja, bibi yako akaleta mafuta mengine mpakani, nikakusanya makopo ya maziwa ya unga, nikawa nayajaza na kuyapeleka kiwandani asubuhi yameganda, nayarudisha jioni yameyeyuka, sanduku zima nyuma ya baiskeli. Bibi yako aliuliza kutoka kule mpakani kama hilo si sawa na kupokea moto wa watu wengine. Nikamwambia ni joto lililokuwa linatupwa. Akafikiri, akasema, "Kama halikutoka kwenye jiko la mtu, pita nalo." Nadhani ni upendo ndio uliomfanya aone hivyo.

Rangi yako ikarudi, nesi akarudi zahanati kwake. Nikajiona fundi. Nilikuwa napanda ule mlima nikisukuma baiskeli kwenye tope, nikijisifu moyoni kwamba hakuna baba Tlawi nzima anayemhangaikia mtoto namna hii. Na nikifika nilikuwa naweka sanduku, napanga makopo kukuzunguka, nafunika, natoka nje. Sikukutazama sana. Mama yako alikuwa ananitazama mimi.

Shida ilianzia getini. Mlinzi, Gwandu, alikuwa na kazi ya kuhakikisha mafuta ya alizeti hayatoki kwa wizi, na mimi natoka na sanduku la makopo ya mafuta. Akawa ananiambia fungua. Nikifungua, joto linatoka, na Gwandu hakuwa mtu wa haraka. Alichovya kidole katika kila kopo, akanusa, akaonja, akatema kondoo. Mvua inanyesha ndani ya maganda. Nilimtukana. Unajua hasira zangu, hujazirithi kwa jirani. Nilimwita neno ambalo sitaliandika hapa, naye akaenda kumwita mwenye kiwanda.

Yule mzee alikuja na mwavuli. Akauliza kwa utulivu kabisa nabeba nini. Nikamwambia joto. Akaniangalia, akaangalia makopo, akauliza joto la nini.

Hapo, Paskalina, ndipo nilipoharibu. Neno lilikuwa moja tu, mtoto. Lakini nikisema mtoto ataniuliza lini amezaliwa, nani yuko nyumbani, kwa nini hakuna mwanamke anayesaidia, na Gwandu ni mtu wa huku huku, atajua natoka nyumba iliyotengwa, kazi yangu imekwisha siku hiyohiyo. Na kumtaja mtoto ambaye hujui kama atakaa, kwetu ilikuwa ni kumwita msiba kwa jina. Nikasema, "La vifaranga, mzee. Nafuga vifaranga."

Mzee akacheka. Akasema hapa kila kitu sasa kina mwenyewe, hata moshi wa bomba hili ni wake, na yeye hafugi vifaranga vya mtu. Akasema leo ni joto, kesho yatakuwa mafuta. Akamwagiza Gwandu kwamba sanduku lisitoke tena na lisiingie tena, na makopo yabaki pale getini. Hakuwa mkali. Aliongea kama anayemaliza jambo dogo, na kwake lilikuwa dogo kweli, vifaranga.

Ningeweza kupiga magoti nikasema ukweli. Nilikuwa na nafasi, alikuwa bado amesimama pale chini ya mwavuli wake. Nilipanda baiskeli nikaondoka.

Ile njia ya kwenda nyumbani siwezi kukusimulia vizuri. Mvua ilikuwa ya mawe. Baiskeli ilikuwa nyepesi, na wepesi ule ulinitia hofu kuliko uzito wote niliowahi kuubeba. Mlimani niliitupa pembeni nikaanza kukimbia. Niliwaza nitamwambia nini mama yako, na niliwaza pia, Mungu anisamehe, pale tulipomzika kaka yako kama udongo wake utakuwa umelainika.

Nilipoingia mama yako alikuwa ameketi amekushika, meno yake yanagongana. Makopo machache niliyomwachia asubuhi yote yalikuwa meupe. Ulikuwa umeanza tena kuwa na ile rangi, na hukulia. Mtoto mwenye baridi halii, anakaa kimya kama mwenye adabu. Nikasema wamenikatalia. Nikaanza kueleza habari ya Gwandu na mwavuli, nikapandisha sauti, nikamlaumu mzee, nikalaumu soko huria, nikalaumu serikali na mkoa mpya.

Mama yako alinikatiza. Alisema, "Mimi nimepoa. Wewe umetoka kukimbia mlima, una joto. Vua shati."

Nilishika kifungo cha juu, nikakiachia.

Akasema tena, taratibu, "Baba Paskalina, vua shati."

Hukuwa umepewa jina bado. Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Alikupa jina hapohapo, mbele yangu, ili nisiweze tena kusema sijui kama unakaa.

Nilivua. Nilivuta vifungo kwa pupa, viwili vilidondoka. Alikuweka kifuani mwangu, akatufunga pamoja kwa kanga yake na blanketi juu. Ulikuwa wa baridi mpaka nikashtuka. Nililala chali nikaogopa kukohoa, nikaogopa hata kuvuta pumzi kubwa nisije nikakuangusha. Muda mrefu hakikutokea kitu. Nilikuwa nasubiri moyo wako, nausikia, nausahau, nausikia tena, sijui kama ni wako au ni wangu. Mama yako alikuwa ameweka mkono mgongoni mwako juu ya blanketi. Mvua ikapungua, ikaja nyingine. Halafu ulisogeza kichwa, ukatafuta ziwa kwa baba yako, hukulipata, na ukalia kwa hasira. Nami nililia, na sikuona haya.

Nilikubeba hivyo mpaka mama yako alipopona na wewe ulipoanza kunyonya vizuri. Nililima nikiwa nawe kifuani, watu wakipita kule mpakani wanaona. Waliniita mama mzazi. Waliniita hivyo miaka mingi. Nilipotokea kiwandani tena, Gwandu alikuwa ameshasikia kila kitu, na mzee akaniita ofisini. Nilidhani ananifukuza. Alikuwa amevua kofia. Akasema, "Kwa nini hukusema ni mtoto? Ningekupa bomba zima." Niliomba ruhusa nirudi kwenye boila, na mpaka amekufa sikuwahi kumpa jibu.

Nimekusimulia haya si ili unishukuru. Ningetaka kukwambia kwamba tangu siku ile nilibadilika, lakini ungecheka, maana umeishi na mimi. Ulipoanza kutembea nilifunga tena shati langu. Nilirudia kazi ya kuleta vitu kutoka mbali: ada, viatu, taa ya kusomea, godoro la bweni. Nilivibeba kwa shida kweli na nilijisifu kwa ile shida. Ulipofeli hesabu kidato cha pili ukaja kukaa karibu yangu, nilikununulia kitabu. Ulipoachwa na yule kijana wa Katesh, usidhani sikujua, niliuza mbuzi upate nauli ya kwenda kwa shangazi yako ubadilishe hewa. Kukaa na wewe kwenye benchi nikakuuliza unaumwa wapi kulinishinda. Hata wiki hii umekuja mwenyewe mpaka zizini.

Huko uendako utafanya kazi na watu wanaojua joto kuliko mimi nilivyolijua, na lori lenu halitasukumwa kwenye tope. Nakuombea ifanikiwe. Lakini siku ukikwama, siku ukiulizwa unabeba nini na kwa nini, sema jambo lenyewe kwa jina lake, hata kama ni la aibu, hata kama anayeuliza ana mwavuli na wewe umelowa. Mimi nilisema vifaranga. Na ukisikia mtu anakwambia kitu unachokihitaji kiko karibu, usimdharau kwa sababu cha mbali kina sifa zaidi. Zaidi ya hayo sina mawaidha, na haya nayo nimeyachelewesha.

Nakupenda, Paskalina. Nimeandika neno hilo na nimelitazama kwa muda, halijaniua. Sitaki uende, na nitakuwa mtu mbaya humu ndani kwa siku nyingi baada ya wewe kuondoka, mama yako atakupigia kulalamika. Nenda hivyohivyo.

Nilikuwa nimempanga kijana wa bodaboda akupeleke stendi alfajiri. Nimeshamwambia asije. Nitakubebea begi mimi. Ukiamka, utanipa shikamoo kama kawaida, nami nitaitikia marahaba. Halafu tukifika stendi nitakukumbatia pale pale, mbele ya makondakta na wauza karanga na yeyote wa Tlawi atakayekuwepo, na sitakuachia haraka. Nakuandikia mapema ili usishtuke ukafikiri nimeugua.

Baba yako